Njia ya Kijana Kuwa Fundi wa Umeme
(Hotuba ya Karani mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Faza)



Nashukuru kupewa nafasi niseme machache juu ya kazi ya umeme. Vijana wetu wengi huitamani kazi hii, lakini ni wachache waujuao mlango wake.

Wazee hawakuusahau moto wa mwaka 2009, ulioteketeza mamia ya nyumba hapa Faza. Siutaji ili kumlaumu mtu, wala sisemi kuwa ulitokana na umeme. Nautaja tukumbuke jinsi moto urukavyo kutoka paa moja la makuti hadi la pili. Waya mwembamba uliotwikwa mzigo mkubwa huchemka. Kiungo kilicholegea hutoa cheche. Na fyuzi iliyofungwa kwa waya wowote uliookotwa haikatiki panapo hatari. Ndiyo sababu Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inamtaka afanyaye kazi hii awe na leseni.

Hatua ya kwanza ni mafunzo. Kijana aweza kuingia chuo cha ufundi apate cheti au stashahada. Hesabu na fizikia zitamfaa sana. Mombasa kuna Chuo Kikuu cha Ufundi, ambacho asili yake ni taasisi ya elimu ya Waislamu iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Aliyejifunza mkononi mwa fundi naye hakufungiwa mlango: aweza kufanya mitihani ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, daraja la tatu, kisha la pili, hata la kwanza.

Hatua ya pili ni kutumika chini ya fundi mwenye leseni, na kuweka kwa maandishi kila kazi aliyoifanya.

Hatua ya tatu ni kuomba leseni kwa Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli. Madaraja ni C-2, ambalo ndilo la chini, kisha C-1, B, A-2, na A-1 lililo juu ya yote. Kila daraja lina mpaka wake wa kazi. Atakaye kuchukua kandarasi sharti awe na leseni ya ukandarasi pia, na mitambo ya jua ina leseni yake mbali. Leseni hizi zina muda, nao ukiisha sharti zihuishwe.

Sasa tazameni hasara. Mwenye nyumba hapati kuunganishiwa umeme mpaka awe na cheti cha kazi kilichotiwa sahihi na mkandarasi mwenye leseni. Basi kijana wetu asiye na leseni, hata akiwa hodari, atatoka jasho kutandaza nyaya, na mgeni atatia sahihi na kuondoka na fedha.

Kinachowazuia wengi si akili. Ni nauli ya mashua hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, malazi, na ada za mitihani. Kwa hiyo naiomba Kamati itenge mfuko wa kuwakopesha vijana gharama hizi, wazirudishe kidogo kidogo watakapopata kazi, ili wengine nao wasaidiwe.

Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Pete ya fundi wa umeme ni leseni. Nasi tuwasaidie wana wetu kuivaa.