Kabla ya Kumwambia Nyamaza

Msikilizaji, mtoto wa miaka 3 aliyenyang'anywa gari lake la kopo hulia, hugaragara, pengine humng'ata mwenziwe. Mara nyingi tunamjibu kwa neno moja: nyamaza! Atanyamaza kweli, hasa akiiona fimbo, lakini bado hajui kilichompata wala la kufanya siku nyingine. Ndiyo maana kumtajia hisia zake ni sehemu ya malezi, sawa na kumfundisha kunawa mikono. Mwaka 1991, mtafiti Judy Dunn na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto: wale ambao familia zao zilizungumzia hisia zaidi walipokuwa na miaka 3, walikuwa wepesi zaidi kutambua hisia za wengine walipofika miaka 6. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba mazungumzo pekee ndiyo chanzo, ila yanatupa sababu nzuri ya kujaribu jambo lisilogharimu hata senti.

Wapo watakaosema huko ni kumdekeza. Hapana, kukubali hasira si kuruhusu meno. "Umekasirika kwa kuwa Juma kachukua gari lako. Kung'ata hapana. Mwambie akurudishie." Katazo liko palepale, tena limekuja na njia ya kutokea. Ila usimhubirie katikati ya kilio, maana hasikii. Mshike, subiri atulie. Na kwa mzazi asiye na muda, wakati wa kumwogesha au kumsuka nywele unatosha kumuuliza leo nani kamuudhi, nani kamfurahisha. Mtoto wa kiume naye aulizwe vilevile.