Jeni Nzima, Mahali Pasipo Pake

Msikilizaji wetu wa Ijumbi na Kagera nzima, mtoto akivimba taya, meno yakalegea na uvimbe ukakua ndani ya siku chache, wa kwanza kulaumiwa huwa ni ukoo, au jirani mwenye jicho baya. Saratani ya Burkitt, inayoleta uvimbe wa namna hiyo na iliyoelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, inatupa jibu jingine. Karibu kila seli ya mwili ina jeni iitwayo MYC, inayoihimiza igawanyike. Kwa kawaida huwashwa kazi ikiwepo, kazi ikiisha huzimwa. Mwaka 1982 watafiti waligundua kwamba katika seli za uvimbe huu, mara nyingi kipande cha kromosomu ya 8 chenye MYC kimekatika kikaungwa kwenye kromosomu ya 14, penye jeni za kutengeneza kingamwili. Sasa, uvimbe huu huanzia kwenye chembe nyeupe ya damu aina ya B, yaani seli B, nayo haizilazi jeni za kingamwili. MYC iliyohamia hapo nayo inawaka usiku na mchana, hata kama yenyewe haina kasoro, na seli inagawanyika ovyo. Mkato huo hutokea katika seli ya mtoto mwenyewe. Hakuurithi kwa wazazi, wala wanawe hawataurithi.

Mtu atauliza: tuliambiwa chanzo ni virusi vya Epstein-Barr, vilivyoonekana London mwaka 1964 katika sampuli zilizotoka Kampala, mbona karibu watoto wetu wote wanavyo na wanaougua ni wachache? Swali la haki kabisa. Virusi peke yake havitoshi. Burkitt alipochora ramani aliona ugonjwa unafuata joto na mvua na kukwepa nyanda za baridi, kama malaria ifanyavyo. Malaria ya mara kwa mara huzilazimisha seli B kuzaana na kuzikatakata jeni zao za kingamwili ili kuziboresha, na hapo mkato hukosea njia. Virusi navyo huizuia seli iliyoharibika isife. Ndiyo maana vyandarua vyenye PBO, kemikali inayoipa nguvu dawa ya mbu, ambavyo utafiti wa Muleba hapa Kagera uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha vinashinda vya kawaida kwa kupunguza malaria ya watoto, ni habari ya saratani pia.

Na anayesema saratani haiponi? Hii huweza kupona, kwa sababu ile ile inayoifanya ya kutisha: dawa kama siklofosfamidi huua seli zinazogawanyika haraka, na hizi hazijui kutulia. Matibabu hayo yapo hospitali ya Bugando, Mwanza, ng'ambo ya ziwa.