Funga Barabara Kwanza, Ndipo Uwashe Taa



Mji wa Lyon, kusini-mashariki mwa Ufaransa, una wakazi nusu milioni na ushei. Lakini zikifika siku zile chache zinazoizunguka tarehe 8 Desemba, ukihesabu umati wa kila usiku, idadi inayotajwa hukaribia milioni mbili. Watu wote hao wanakuja kuangalia taa. Makanisa, majumba ya zamani, madaraja, miti ya barabarani, vyote hurushiwa mwanga na picha zinazocheza, nje, bila kiingilio, kwenye baridi ya kuuma masikio. Jua huko mwezi wa Desemba huzama kwenye saa kumi na moja jioni, kwa hiyo giza halina uhaba.

Nilikwenda na familia: mke wangu, mdogo wangu wa kiume anayeishi nje kidogo ya mji huo, shemeji, na watoto wao, kuanzia kijana aliyeota ndevu mbili tatu mpaka kitinda mimba wa kusukumwa kwenye kigari. Maoni yangu nayasema mapema, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kukasirika. Taa zile ni nzuri, tena nzuri sana, ila zingekuwa kazi bure kama mji usingeamua kwanza kuyafukuza magari.

Nianze na historia, maana ndiyo inayoeleza kwa nini umati ule haupaswi kulaumiwa. Mwaka 1643, tauni ilipokuwa inatishia, wakuu wa Lyon waliweka nadhiri kwa Bikira Maria: mji ukinusurika, kila mwaka watapanda kilima cha Fourvière kumshukuru. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye waumini wakaagiza sanamu yake ya kupakwa dhahabu iwekwe juu ya mnara wa kanisa dogo la kilimani. Mchongaji alikuwa Joseph-Hugues Fabisch. Sherehe ilipangwa iwe tarehe 8 Septemba 1852, lakini mto Saône ukafurika, maji yakaifikia karakana ya Fabisch, sanamu ikachelewa. Sherehe ikasogezwa mpaka tarehe 8 Desemba. Siku yenyewe ikafika na dhoruba. Wakubwa wakaanza kuahirisha: fataki zingojee, watu wakae ndani.

Jioni mawingu yakatawanyika. Wenye nyumba, bila kuambiwa na mtu, wakapanga mishumaa madirishani, mmoja akimwiga jirani yake, mpaka mji mzima ukawaka, kisha wakashuka barabarani. Kwa maneno mengine, usiku ule wa kwanza kamati ilikuwa imekwisha kukata tamaa, na sherehe ikafanywa na makutano. Kwa hiyo mtu anayekwenda Lyon siku hizi akarudi akinung'unika kwamba watu walikuwa wengi mno, mimi namshangaa. Alitaka sherehe ya nani?

Hayo maonyesho makubwa ya kuta ni mambo ya juzi. Mwaka 1989 manispaa ilitengeneza mpango wa kuyamulika majengo yake mwaka mzima, na kufikia 1999 ile jioni moja ya mishumaa ikawa tamasha la siku kadhaa, lenye wasanii wanaoitwa kutoka nchi mbalimbali. Tena kurusha picha ukutani si jambo geni mjini humo. Ni Lyon ambako ndugu Auguste na Louis Lumière walipiga mwaka 1895 ile filamu yao fupi ya wafanyakazi wakitoka kiwandani.

Sasa turudi kwa mdogo wangu na gari lake.

Yeye ni mtu wa usukani. Alitaka tuingie na gari mpaka karibu na katikati, atafute upenyo wa kuegesha, "watoto wasichoke." Shemeji alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamuuliza kama anataka watoto wakaangalie taa au wakaangalie taa za breki. Handaki la Fourvière, lililofunguliwa mwaka 1971, linajulikana Ufaransa nzima kwa foleni hata siku ambazo hakuna tamasha lolote. Redio ya gari ikawa inatangaza kilomita za msongamano kama vile inatangaza matokeo ya mpira. Shemeji akashinda. Tukaegesha Vaise, upande wa kaskazini-magharibi, kwenye maegesho yaliyojengwa mahsusi jirani na kituo cha treni ya chini ya ardhi, tukashuka ngazi.

Njia ile ni D, treni isiyo na dereva. Kijana wetu alituongoza mpaka behewa la mbele, maana pale mbele ni kioo kitupu, abiria anasimama mahali ambapo dereva angekaa na kuliona handaki likimjia. Kwa wale wadogo, tamasha lilianzia hapo. Tulipotokea juu, kwenye uwanja wa Bellecour, sauti iliyokosekana ndiyo niliyoigundua kwanza: honi. Katikati ya Lyon ni ulimi mrefu wa ardhi kati ya mito miwili, Rhône na Saône, na jioni za tamasha ulimi huo hufungwa kwa magari. Kwenye midomo ya barabara kuna vizuizi vizito na askari wanaokagua mifuko. Ndani ya eneo hilo lami ni ya miguu. Tena miguu yenyewe ina sheria: mitaa mingine ni ya kwenda tu, mingine ya kurudi tu, na vituo vingine vya treni vya katikati hufungwa saa za msongamano ili watu wasije wakakanyagana kwenye ngazi.

Niliona mwanzoni kama ukali wa bure. Kuna askari mmoja alitukatalia kukata kona kuelekea mahali tulipokuwa tunapaona kwa macho, akatuzungusha mtaa mzima. Mke wangu akasema, "Huyu naye!" Lakini tulipoufikia uchochoro mmoja mwembamba nikaelewa kazi yake. Watu walikuwa bega kwa bega, wakienda hatua za kuku, wote wakielekea upande mmoja. Mdogo wangu alikiinua kigari na mtoto wake ndani, akakibeba kifuani. Binti wa miaka sita alikuwa mabegani mwangu, ameshika masikio yangu kama mpini wa baiskeli, ananitangazia: "Baba mkubwa, mbele kuna nafasi. Baba mkubwa, usisimame." Umati huo huo ungekutana na umati mwingine unaokuja kinyume, pale pasingepitika wala kupumulika.

Na humo humo uchochoroni, nyuma yetu, nikasikia mama anaita, "We mutoto, kuya huku!" Kiswahili cha Kongo hicho, hakina haja ya utambulisho. Tukageuka wote, tukasalimiana shingo zikiwa zimepinda. Wakazi wa Lyon waliotoka Kongo na Burundi si haba. Ukienda mtaa wa Guillotière, ng'ambo ya Rhône, maduka ya vyakula vya Kiafrika utayakuta. Yule mama alitupa ushauri ambao hakuna kijitabu cha watalii kilichotupa. Mtoto mwandikieni namba ya simu kwenye mkono, alisema, kwa sababu watu wakijaa namna hii mtandao unazidiwa, na mtoto aliyepotea huwa anasahau hata jina la baba yake. Shemeji akatoa kalamu pale pale. Tukakubaliana pia kwamba atakayepotea aende kwenye sanamu ya Mfalme Louis wa 14 juu ya farasi, katikati ya Bellecour, asitoke hapo.

Onyesho nililolipenda lilikuwa Terreaux. Huo ni uwanja wenye jumba la manispaa upande mmoja na jumba la makumbusho ya sanaa upande mwingine, na pembeni kuna chemchemi kubwa ya farasi wanaokokota gari, kazi ya Bartholdi, yule yule aliyechonga Sanamu ya Uhuru ya New York. Wanakuingiza kwa awamu, onyesho linakwenda dakika chache, kuta za pande zote zinabomoka na kujijenga upya kwa mwanga, muziki unakugonga kifuani, kisha linazimwa, mnatolewa upande wa pili, wanaingia wengine. Kitinda mimba alilala toka mwanzo mpaka mwisho. Kijana wetu alilitazama lote kupitia simu yake. Hayo nayaeleza tu, silaumu.

Nje tukanunua marrons, zile mbegu za mti zinazochomwa makaani barabarani na kutiwa kwenye bahasha ya karatasi. Ukiimenya ikiwa ya moto, ladha yake ni kama kiazi kitamu kilichokauka vizuri. Watu wazima wasiokatazwa na dini walikuwa wakinywa divai ya moto iliyochemshwa na mdalasini na karafuu. Harufu ya karafuu kwenye baridi ile ilinisimamisha. Nani ajue, pengine ilitoka Pemba, pengine Madagaska.

Lakini kitu kilichonikaa zaidi hakikuwa na umeme. Mtaani kwa mdogo wangu, kabla hatujaondoka, jirani yake mmoja, bibi mtu mzima, alikuwa anapanga vibilauri kwenye ukingo wa dirisha lake. Ni vioo vifupi, vinene, vyenye mifuo pembeni, na ndani ya kila kimoja mshumaa mfupi usiofika urefu wa kidole gumba. Akamwita binti yetu amsaidie. Mtoto akawa anachomeka kijiti kirefu cha kiberiti ndani ya kioo, ulimi nje kwa umakini, na upepo ukizima kimoja bibi anasema tu "tena." Bibi yule haendi katikati ya mji siku hizi, miguu haimruhusu. Sherehe anaifanyia dirishani, kama walivyoifanya watu wa 1852.

Na desturi hiyo ya madirishani ina nguvu kuliko mitambo. Mwezi Novemba 2015 magaidi waliua watu Paris, na Lyon ikalifuta tamasha kwa sababu askari wa kulinda umati ule wasingetosha. Wakazi wakaombwa waweke mishumaa kwa ajili ya waliouawa. Wakaweka. Mwaka 2020 korona ikalifuta tena lile la barabarani, na madirisha yakawaka vilevile.

Kurudi ndiko kulikokuwa na shughuli. Foleni ya kuingia kituo cha treni ilizunguka pembe ya jengo na kupotea. Shemeji, ambaye kwa sasa ndiye namchukulia kuwa mtaalamu wa safari, akasema tusijiunge nayo. Tukafuata kingo za Saône kuelekea kaskazini kwa miguu, wakubwa tukibadilishana mzigo wa watoto, kilomita chache mpaka kwenye gari letu kule Vaise. Njiani tukapitwa na mamia ya watu wengine, nao wana watoto mabegani. Hakuna aliyekuwa anaangalia nyuma kuogopa bodaboda wala daladala.

Hapo ndipo ninapotaka kuwafikisha wenzangu wa huku nyumbani. Sisi nasi usiku wa kuingia mwaka mpya, na sikukuu za Iddi, tunajazana. Wakazi wa Dar es Salaam mnaijua Coco Beach siku hizo. Tunapamba, tunarusha fataki, kisha tunayaacha magari na watoto wagombanie lami ile ile, na mwisho wa sherehe familia inakaa saa nzima ndani ya gari lisilosogea, mtoto amelala na baba anatukana. Fataki hazikosi fedha. Kinachokosa mwenyewe ni barabara.

Basi ombi langu kwa halmashauri za miji yetu, kabla ya kamati ya mapambo haijakaa kikao, ni hili: itangulie kamati ya barabara. Tangazeni wiki mbili kabla ni mtaa gani utafungwa na kuanzia saa ngapi. Tengeni maegesho nje ya eneo la sherehe, na mabasi, ya mwendokasi yakiwamo palipo nayo, yafanye kazi mpaka mtu wa mwisho afike kwake. Wekeni njia ya kwenda na njia ya kurudi, na askari wa kuwaambia watu "zungukeni." Bajeti ikiwa ndogo, punguzeni balbu.

Na mzazi unayenisikiliza, wewe usisubiri halmashauri. Kalamu unayo. Mwandikie mtoto namba yako mkononi kabla hamjatoka.