Kabla Mlango wa Kale Haujauzwa: Kutengeneza Samani na Nyumba za Mji wa Lamu

Maandishi kamili ya mazungumzo kwa wakazi



Nyumba za Mji wa Kale wa Lamu hubadilika kadiri familia zinavyobadilika. Watoto huongezeka, choo cha ndani huhitajika, umeme na maji ya bomba huingizwa. Hilo si kosa, kwa sababu nyumba ni ya kukaliwa. Shida huanza pale kitanda cha kamba kinapotupwa uani kinyeshewe, au mlango uliochongwa enzi za babu unapotolewa kwa mnunuzi aliyepita siku moja tu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda.

Ujumbe wa leo ni mmoja. Chombo cha kale kikaguliwe na kutengenezwa kwanza. Uamuzi wa kukiuza au kukitupa uje mwisho.

Jambo la kwanza ni kuijua mbao. Samani nyingi za kale za pwani zilitengenezwa kwa mbao ngumu kama msaji, mvule na mbambakofi. Mwenye nyumba akwangue kidogo mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya droo, aone rangi halisi iliyofichwa na vanishi au rangi ya mafuta. Atazame pia viungo. Fundi wa zamani aliunga kwa ulimi na tundu, akakaza kwa vijiti vya mbao. Kiungo cha namna hiyo kikilegea hufunguliwa, husafishwa gundi ya zamani, hupakwa gundi mpya ya mbao, kisha hufungwa kwa kamba na kuachwa siku nzima. Kabati la unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi haliwezi kutengenezwa hivyo. Likilowa huvimba, na basi.

Jambo la pili ni wadudu. Vitobo vidogo na unga laini chini ya kiti ni dalili kwamba mbao inaliwa. Chombo hicho kitengwe na vingine, kipakwe dawa ya wadudu wa mbao kwa kufuata maelezo ya kopo, na miguu yake isikae kwenye sakafu yenye unyevu.

Jambo la tatu ni kusafisha. Kitambaa kilichokamuliwa vizuri kutoka kwenye maji yenye sabuni kidogo kinatosha kuondoa vumbi na moshi wa miaka mingi. Chombo kikaushwe kivulini, kwa kuwa jua kali hupasua mbao. Msasa upigwe kwa kufuata nyuzi za mbao, ukianza na namba 120 na kumalizia na namba 220. Penye nakshi mashine isitumike. Brashi laini na subira vinatosha. Misumari ya chuma nayo iepukwe, maana hewa ya chumvi huitia kutu na kutu huipasua mbao. Skurubu za shaba hudumu.

Hapa pana hatari mbili ambazo wengi hawazijui. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Rangi ya zamani isipigwe msasa mkavu. Ilowanishwe kwanza, fundi avae barakoa, na watoto na mama wajawazito wakae mbali hadi vumbi lote lipanguswe kwa kitambaa kibichi. Hatari ya pili ni matambara yaliyotumika kupaka mafuta ya kitani. Yakirundikwa pamoja hupata joto yenyewe na kuwaka. Yatandazwe nje, moja moja, hadi yakauke.

Jambo la nne ni nyumba yenyewe. Kuta za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu na kuutoa tena hewani kupitia chokaa. Ukipigwa plasta ya saruji, unyevu hukosa njia. Hupanda juu zaidi, chumvi hubandua plasta, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani huanza kuoza. Kwa hiyo ukuta wa chokaa uzibwe kwa chokaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tangi la maji nalo lifikiriwe. Tangi la lita 1,000 likijaa maji huwa na uzito wa zaidi ya tani 1. Lisiwekwe juu ya dari ya boriti kabla fundi hajazikagua. Waya za umeme zipitishwe pembeni, si kwa kuchimba zidaka. Zidaka zenyewe hufaa kuwa rafu za vitabu, vyombo au taa, na chumba kikapata sura mpya bila kubomolewa kitu.

Jambo la mwisho ni sheria. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa kitu kinacholindwa. Kitu hicho hakiwezi kutolewa nje ya Kenya bila kibali. Mabadiliko ya jengo nayo yanahitaji idhini ya serikali ya kaunti kabla nyundo ya kwanza haijapigwa.

Inaeleweka kwamba karo ya shule haingoji, na mnunuzi mwenye pesa taslimu mkononi ni mgumu kukataliwa. Lakini mnunuzi huyo anajua thamani ya mlango, na mara nyingi mwenye mlango haijui. Kwa hiyo kabla ya kumjibu, familia ifanye mambo matatu. Ipige picha za chombo mbele na nyuma na kuandika vipimo vyake. Imwite fundi seremala aseme kinaweza kutengenezwa vipi na kwa gharama gani. Iulize ofisi ya Makavazi ya Kitaifa kama chombo hicho kinalindwa.

Baada ya hapo, wenye nyumba wakae pamoja, wazee kwa vijana, waamue wakijua wanachoamua. Pesa za mlango huisha kwa muhula mmoja. Mlango ukishapandishwa chomboni, mjukuu hataupata tena kwa bei yoyote.