Mtoto Acheze na Arudi Nyumbani Mzima

Mimi ni muuguzi wako wa afya ya jamii. Leo tutazungumza juu ya uwanja wa kuchezea watoto shuleni, hasa katika shule zetu zinazodhaminiwa na makanisa. Kama wewe ni mzazi, mwalimu, mchungaji au mzee wa kanisa, vuta kiti ukaribie redio.

Siku moja nikiwa kazini nililetewa msichana wa miaka minane. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye bembea ya shule wakati wa mapumziko. Bembea yenyewe ilikuwa mpya, imepakwa rangi, na waumini walikuwa wameinunua kwa harambee. Lakini ilisimamishwa juu ya maramu iliyoshindiliwa kama barabara. Mkono wa mtoto ulivunjika karibu na kifundo. Mama yake akaniambia, "Sista, tufanye nini? Ajali haina kinga."

Nilimpa pole. Lakini leo nataka kukwambia wewe msikilizaji: ajali nyingi za uwanjani zina kinga. Mtoto anayecheza lazima ataanguka. Kinachomvunja mfupa mara nyingi ni kile anachoangukia.

Baada ya kisa hicho, halmashauri ya shule ilitaka kuing'oa bembea. Niliwasihi wasiing'oe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku. Mchezo hujenga mifupa, moyo na misuli. Pia mtoto hujifunza kungoja zamu yake, kushindwa bila kupigana, na kurudi darasani akiwa macho. Hata nabii Zekaria, katika sura ya 8, anapoeleza mji uliobarikiwa, anawataja wavulana na wasichana wakicheza katika njia zake. Kwa hivyo tusiwanyime watoto mchezo. Tutengeneze uwanja.

Tuanzie wapi? Tuanze na ardhi.

Chini ya bembea na vifaa vya kupanda, chimbua ile ardhi ngumu, kisha ujaze mchanga laini wa mto usio na udongo wala mawe. Kina chake kiwe sentimita 30, yaani urefu wa rula ya mwanafunzi. Mchanga huo uenee kama hatua mbili kubwa kila upande wa kifaa. Mbele na nyuma ya bembea uende mbali zaidi, mara mbili ya kimo cha bembea, kwa sababu mtoto huruka akiwa hewani. Mvua hushindilia mchanga, kwa hivyo uchimbuliwe kwa reki au jembe kila wiki. Chimba mtaro wa kuondoa maji. Simiti, maramu na nyasi zilizokauka hazimkingi mtoto anayeanguka kutoka juu.

Pili, vifaa visiwe virefu. Kwa watoto wadogo, kimo cha kifua cha mtu mzima chatosha. Watengee wadogo sehemu yao, mbali na wakubwa wanaocheza kandanda. Na yale magoli ya chuma, yafungwe imara ardhini. Goli lisilofungwa likimwangukia mtoto anayening'inia laweza kumuua.

Tatu, tazama mpaka wa uwanja. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka shule iwe na ua na lango. Lakini ua wenyewe usiwe hatari. Senyenge isiwe mahali watoto wanapokimbilia. Mnyaa nao una utomvu mweupe unaoweza kuumiza macho vibaya. Mtoto akiingiwa na utomvu huo, msuuze jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya.

Nne, panda miti ya kivuli. Matairi makuukuu ni mazuri kwa kuruka na kupanda, lakini yatobolewe mashimo ili yasituame maji. Maji ndani ya tairi ni nyumba ya mbu, wakiwemo wanaoeneza homa ya dengue.

Tano, na hili linahusu sana shule iliyo pamoja na kanisa. Jumamosi kuna harusi. Jumapili kuna ibada na hema limesimamishwa uwanjani. Jumatatu asubuhi watoto wanakuta mashimo ya vigingi, misumari, vipande vya waya na chupa. Mwalimu wa zamu auzunguke uwanja kabla watoto hawajatoka kucheza. Wenye sherehe nao wafukie mashimo yao kabla ya kuondoka. Kumbuka kwamba viini vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi. Mtoto akichomwa na msumari, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha umpeleke akaangaliwe kama anahitaji chanjo.

Na je, mtoto akianguka? Ukishuku mkono umevunjika, usiuvute wala usiukande. Usikimbilie kwa mtu wa kurudisha mifupa. Utegemeze kwa ubao au katoni, ufunge kwa leso bila kukaza sana, umpeleke hospitali. Akiwa ameumia kichwani, halafu atapike, asinzie isivyo kawaida, achanganyikiwe, apatwe na kifafa, au atokwe na damu au maji masikioni, hiyo ni dharura. Asiambiwe akalale.

Huenda unauliza, pesa zitatoka wapi? Shule ninayoisimulia haikununua kifaa kingine. Wazazi walikuja Jumamosi mbili na majembe. Mmoja alitoa lori, kina mama walichekecha mchanga, vijana wa kanisa wakafunga magoli. Gharama kubwa ilikuwa mchanga na mafuta ya lori.

Ndugu zangu wa kanisa, soma Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mstari wa 8. Aliyejenga nyumba mpya aliagizwa aweke ukingo juu ya dari, ili mtu asije akaanguka na hatia ikawa juu ya nyumba ile. Anayewajengea watoto bembea ana wajibu huo huo. Harambee ya bembea na iwe pia harambee ya mchanga.

Yule msichana alirudi kwetu kutolewa plasta. Nilimuuliza kama bado anapanda bembea. Akasema ndiyo, ila siku hizi mchanga unaingia kwenye viatu. Nikamwambia hilo ni tatizo dogo, avikung'ute tu.

Msikilizaji, wiki hii pita katika shule ya mtoto wako. Simama chini ya bembea na ukanyage ardhi kwa kisigino. Ikiwa ngumu, zungumza na mwalimu mkuu.