Askofu Lechaptois wa Karema

Ninyi mkaao Mwamgongo mwajua kwamba njia yenu ni ziwa. Aendaye Kigoma hupanda chombo, na aendaye Rumonge vivyo hivyo. Mapadre Weupe wa kwanza walifika Ujiji Januari 1879, na mwaka ule ule wakapita mbele ya pwani yenu kwenda kujenga Rumonge, katika nchi ya Urundi. Mei 1881 mapadre wawili na msaidizi wao mmoja waliuawa huko. Mwaka 1885 wenzao walipewa boma la Karema, kusini ya ziwa, lililokuwa limejengwa na Wabelgiji.

Maaskofu wao wa kwanza hawakudumu. Charbonnier aliwekwa wakfu Kipalapala, karibu na Tabora, Agosti 1887. Ilipofika Machi 1888 alikuwa amekwisha kufa. Akafuata Bridoux, naye akafa Kibanga, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1890. Wa tatu ndiye nitakayewasimulia habari zake, Adolphe Lechaptois.

Alizaliwa Ufaransa mwaka 1852. Kabla ya uaskofu hakufanya kazi huku kwetu. Desemba 1889 alifika na wenzake kwa Mponda, mkubwa wa Wayao, pale mto Shire utokapo katika Ziwa Nyasa. Waliletwa kwa msaada wa serikali ya Ureno, iliyokuwa ikishindana na Waingereza juu ya nchi ile. Mponda alikuwa Mwislamu, na biashara ya watumwa ilikuwa sehemu ya nguvu zake.

Fikirini basi hali ya wageni wale. Walikaa mjini mwake kwa idhini yake, na machoni pao watu walikuwa wakiuzwa. Wakipiga kelele, watafukuzwa. Wakinyamaza, wataonekana wamekubali. Mimi sioni kwamba lilikuwa jambo jepesi, wala siwezi kumlaumu upesi aliyekuwa mle ndani. Jambo moja walilifanya bila kukosa: waliandika. Kila siku waliweka katika daftari habari za mji, vita vyake, watumwa wake, na mashauri ya wakubwa wake. Wenye kuchungua historia ya Malawi wameyatumia sana maandiko hayo, maana ni haba sana yaliyoandikwa siku zile ndani ya mji wa namna ile.

Juni 1891, baada ya mwaka mmoja na nusu, Waingereza walikuwa wameshika nchi, na mapadre wakaondoka. Walipanda mpaka Mambwe, kati ya Nyasa na Tanganyika, wakaanza kituo kipya. Mwaka huo huo Lechaptois akachaguliwa kuwa askofu wa Tanganyika.

Huenda mtu akauliza, mbona apewe nchi nzima yeye ambaye kituo chake kimefungwa juzi tu? Nadhani kwa Mponda alijifunza kukaa chini ya paa la mwingine na kusikiliza. Karema alidumu miaka 26. Mwaka 1913 kilitoka kitabu chake kwa Kifaransa juu ya watu wa pwani za ziwa hili, na Wafipa wamo. Aliandika kama padre na mgeni, msomaji hana budi kuyapima maneno yake. Hata hivyo ningefurahi sana kama wanafunzi wetu wangekisoma kwa Kiswahili. Mwaka 1907, wakati wa uaskofu wake, ndipo lilipoanza shirika la masista wenyeji, Masista wa Maria Malkia wa Afrika.

Karema alimkuta tabibu, Adrian Atiman. Huyu alizaliwa pande za mto Niger, akaibwa utotoni na kuuzwa. Mapadre wakamkomboa, akasomeshwa utabibu Malta, na mwaka 1889 akafika Karema. Kule kwa Mponda, Lechaptois alikuwa ameona watu wakiuzwa. Hapa wagonjwa wake walitibiwa na mtu aliyewahi kuuzwa.

Lechaptois alikufa Karema Novemba 1917, vita vikuu vikiendelea. Atiman akaendelea kuwatibu watu papo hapo mpaka alipokufa, mwaka 1956.