Kabla ya Kununua Ruta, Kagua Paa: Kupanga Mtandao wa Meshi Thika na Ruiru



Katika mitaa kama Kiandutu, Makongeni na Kimbo, mtoto anayefanya kazi ya shule kwa simu ya mzazi hukwama bando likiisha. Njia moja ya kupunguza gharama ni majirani kuchanga, kulipia laini moja ya faiba na kuisambaza bila waya. Huko Kibera, Nairobi, wananchi wanaijua njia hii kupitia mtandao wa kijamii wa TunapandaNET. Mwaka 2021, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa mwongozo wa kuipa leseni mitandao ya aina hiyo.

Katika mtandao wa meshi, kila kituo hupokea data na kumpitishia jirani, kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Kituo kimoja kikizima, data hupita kwingine. Lakini hupita kwingine ikiwa tu njia hiyo ipo. Kituo chenye jirani mmoja hakina pa kukimbilia. Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni hii: kila kituo kione angalau vituo viwili vingine.

Kuona huko hukaguliwa juu ya paa, si kwenye ramani pekee. Mawimbi ya gigahezi 5 hayapendi kuta wala miti. Tena hayahitaji mstari mwembamba tu. Kati ya paa mbili zilizo umbali wa mita 500, pawe na nafasi wazi ya takriban mita 2.5 kila upande wa mstari, katikati ya safari. Ruiru na Thika majengo hupanda kila mwaka; ploti iliyo tupu leo huenda ikawa ghorofa tano kesho. Kikundi kiulize mapema ni wapi panapojengwa.

Kanuni ya pili ni kupunguza miruko. Ruta yenye redio moja haiwezi kupokea na kutuma kwa wakati mmoja. Ikiwa mruko wa kwanza unabeba megabiti 40 kwa sekunde, wa pili hubaki na takriban 20, na wa tatu 13 hivi. Ni bora kutumia redio mbili: gigahezi 5 kati ya paa na paa, na gigahezi 2.4 kwa simu za watu. Kwenye gigahezi 2.4, vituo vilivyo karibu vigawane chaneli 1, 6 na 11, kwa kuwa hizo haziingiliani.

Kanuni ya tatu ni stima. Kifaa cha wati 10 kikifanya kazi saa nane hutumia watisaa 80. Betri ya volti 12 na ampisaa 18 hubeba watisaa 216, lakini betri ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Nusu hiyo, 108, inatosha usiku mmoja wa giza.

Kanuni ya nne ni makubaliano. Mwenye nyumba akifunga mlango wa paa, pesa za chama zimepotea. Mkataba wa maandishi useme nani atapanda, lini, na nani atalipa stima. Kikundi pia kisome mkataba wa laini ya faiba kabla ya kuigawa, kwani baadhi ya kampuni haziruhusu, na kiulizie leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Baada ya hapo, kikundi kianze na paa tatu zinazoonana, kipime kasi asubuhi na jioni kwa mwezi mmoja, ndipo kiongeze ya nne. Ni rahisi kuhamisha antena tatu kuliko kurudisha michango ya majirani hamsini.